Mali ya Mjerumani Ilivyonimalizia Uwanja

Usiombe kurithi nyumba ya Mjerumani. Omba shamba la migomba, omba ng'ombe wa maziwa, omba hata kurithi deni, mradi mdaiwa anajulikana anakoishi. Lakini nyumba ya mawe yenye dohani, iliyojengwa na mlowezi huku juu milimani Usambara, mwachie hasimu wako. Paa linavuja, milango imepinda, popo wamejigawia vyumba vya juu bila mkataba, na juu ya hayo yote kila apitaye barabarani anaamini kwamba wewe unalalia dhahabu.

Mimi huyu. Mimi ambaye muuza duka akiniona kwa mbali anaanza kutafuta daftari la madeni.

Nyumba hii marehemu baba aliinunua kwa chama cha ushirika miaka ya sabini, kwa bei ambayo leo hainunui hata ndama. Aliinunua kwa sababu ilikuwa na ghala zuri la viazi. Hakujua kwamba ananunua pia umaarufu. Mgeni akiingia nyumba za watu wengine anatazama picha za harusi ukutani, anasifu vitambaa vya makochi. Akiingia kwangu anatazama sakafu. Anagonga kwa kisigino, anatega sikio, anahamia kigae cha pili, anagonga tena. Chai inapoa. Kisha anauliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja, "Hivi hapa chini kuna chumba kingine?" Nilimwita fundi aje kuziba paa, akashinda siku nzima ndani ya dohani na tochi. Paa bado linavuja, na malipo alidai.

Nadharia yenyewe huku anaijua hadi mtoto wa chekechea. Katikati ya mwaka 1916 Waingereza walikuwa wanapanda milima hii na Wajerumani wanafungasha. Lushoto wakati huo ikiitwa Wilhelmstal. Basi mlowezi, kwa kuogopa kunyang'anywa, akachimba usiku, akazika masanduku, akaweka alama, akachora ramani, akaenda nayo Ulaya. Wajukuu zake sasa wanakuja mmoja mmoja wakijifanya watalii. Ndiyo maana kila Mzungu mwenye begi mgongoni anayekwenda Irente kutazama mandhari anafuatwa nyuma na vijana wawili watatu wenye majembe mafupi. Maskini, yeye anadhani watu wa hapa ni wakarimu.

Tukija kwenye alama, hapo ndipo mtu unachoka kabisa. Jiwe lenye msalaba ni alama. Jiwe lisilo na msalaba ni alama iliyofutwa makusudi. Mikaratusi iliyopandwa kwa mstari inaonyesha upande, na ule mmoja uliopinda unaonyesha pa kusimama. Zege la bikoni, ambalo wapima ardhi waliliweka ili watu wasigombanie mipaka, limevunjwa kwa nyundo kutafuta kilicho ndani. Ndani mlikuwa na zege. Sasa jirani yangu wa juu na jirani yangu wa chini wamepelekana baraza la ardhi kwa sababu hakuna tena anayejua shamba la nani linaishia wapi. Hata makaburi ya Wajerumani hayakupona. Mtu amelala pale zaidi ya miaka mia moja, anafukuliwa aulizwe ameweka wapi.

Kwangu kuna jiwe lenye mshale. Marehemu baba alilijua tangu mwanzo: unaonyesha mfereji wa maji ya mvua unakopita. Mjerumani alikuwa mtu wa mifereji. Nimewaeleza watu hivyo mpaka koo limekauka, nao wananitazama kwa huruma wanayopewa watu waliokwisha kununuliwa.

Ningevumilia yote hayo kama adui angebaki nje ya boma. Lakini shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alirudi kutoka machimbo ya Chunya na mashine ya kupimia madini. Mkono mrefu, sahani ya duara chini, spika za masikioni, na betri inayochajiwa kwa umeme wangu. Akaniambia, "Shemeji, mwaka huu tunaaga umaskini." Nikamwuliza ni umaskini wangu au wake. Akasema wa ukoo.

Mashine ile si mchezo, hilo sikatai. Sahani yake inapeleka sumaku ardhini, chuma au shaba iliyoko chini inajibu, na mashine inalia. Tatizo ni udongo. Udongo wetu mwekundu ni mwekundu kwa sababu una chuma ndani yake, kwa hiyo mashine ililia barazani, ikalia bustanini, ikalia kwenye banda la kuku, ikalia njia nzima ya kwenda kisimani. Tena mashine za namna hiyo zinaiona sarafu iliyo futi moja hivi chini, zaidi ya hapo ni kubahatisha. Lakini shemeji ikilia anachimba hadi kimo cha mtu, na akikosa anasema amekaribia.

Matokeo ya msimu wa kwanza nitayataja, ili anayekuja mwakani asijisumbue. Tulipata debe la mafuta ya taa lililobanjuliwa likawa bati. Tulipata kiatu cha punda, misumari isiyohesabika, bawaba ya mlango, nusu ya pasi ya mkaa, na mfuniko wa sufuria. Tulipata nati kubwa yenye kutu ambayo shemeji aliiosha kwa ndimu usiku kucha, na asubuhi nikaitambua: ni ya trekta la chama cha ushirika. Tulipata jembe la marehemu baba, lile alilowatuhumu majirani kuliiba mpaka siku ya kufa kwake. Hili la mwisho limenipa kazi ya kuzunguka kuomba radhi kwa niaba ya marehemu.

Mashine iliposhindwa, akaletwa mtaalamu. Hakuwa mtaalamu wa mambo ya kale, ni mtaalamu wa kuongea na wenye mali. Akanusa hewa ya sebuleni, akasema mali ipo, tena nyingi, ila inalindwa. Mlinzi anataka kondoo mweusi asiye na doa, asali ya nyuki wadogo, shuka jeupe, udi na ubani. Kondoo akatoka zizini kwangu. Shuka likatoka kitandani kwangu. Masharti yakatajwa: kuchimba ni saa nane usiku, watu wasivae viatu, na asiongee mtu. Walichimba mpaka alfajiri nyuma ya jiko. Mimi nililala, kwa vile nilikuwa nimebaki na blanketi tu. Asubuhi mtaalamu akatangaza kwamba sanduku lilionekana kabisa, kona yake moja, lakini mtu mmoja alikohoa na mali ikahama. Imehamia wapi? Upande wa shamba la viazi. Na huko mlinzi ni mwingine, anataka kondoo wake.

Nikasema sasa inatosha, nitazungumza nao kwa historia. Nikawaketisha wote barazani, shemeji na vijana wake, mama watoto akaleta magimbi, nikaanza.

Nikawauliza: huyu Mjerumani mnayemtafuta alikuwa na nini cha kuzika? Miaka ya 1890 walowezi walivamia Usambara Mashariki na kahawa, wakafyeka msitu, udongo ukachoka upesi na kahawa ikawaangusha. Wengi wakahamia kwenye mpira huko tambarare. Mpira nao ukaja kupandwa kwa wingi Malaya na Ceylon, bei ikaporomoka mwaka 1913, mashamba yakaachwa yaote majani. Mwaka uliofuata vita ikaanza. Mkulima huyo alikuwa na deni benki, mpira usionunulika, na watoto wanaotaka viatu. Alichokuwa nacho cha kuficha ni barua za kudaiwa.

Shemeji akasema, "Kama hakuwa na hela, mbona alijenga nyumba kubwa hivi?" Nikamwambia nyumba kubwa hujengwa kwa mkopo, aulize watu wa mjini.

Halafu tuje kwenye dhahabu yenyewe. Sarafu ya dhahabu ambayo kila mchimbaji anaiota, ile ya rupia 15 yenye tembo, ilipigwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Singida. Zilitengenezwa 16,000 na ushei tu. Tabora! Wakati Tabora wanapiga tembo wao wa dhahabu, Usambara ilikuwa inaingia mikononi mwa Waingereza. Sarafu hiyo ingefikaje kwangu nyuma ya jiko? Mwaka huo huo serikali ilikuwa imeishiwa mpaka inayeyusha maganda ya mizinga ili ipate shaba ya kupiga sarafu za heleri. Na fedha iliyokuwa mikononi mwa watu wengi wakati wa vita ilikuwa noti za karatasi, zilizochapwa haraka humu humu nchini. Hata kama zilizikwa, mchwa wa Usambara hawakuacha chenji.

Na kuna hoja moja ambayo mpaka leo hakuna aliyenijibu. Baada ya vita Waingereza walizishika mali za Wajerumani wakaziuza mnadani kama mali ya adui. Lakini tangu 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika, na wengi wakarudi, wakanunua mashamba upya. Walikaa mpaka vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 na wao kukamatwa tena. Sasa mtu aliyezika sanduku mwaka 1916, akarudi akiwa na ramani, nguvu na jembe, alishindwa kulifukua miaka yote hiyo? Alikuwa anasubiri nini? Alikuwa anamsubiri shemeji yangu?

Vijana wakanyamaza. Nikadhani nimeshinda. Kisha mmoja wao, mpole kuliko wote, akasema, "Basi baba, pengine alipokuja mara ya pili ndipo akaongezea."

Nikawapa mfano wa mwisho. Mjerumani akitaka kuficha kitu huwa anajua kuficha. Mwaka 1916, kabla Wabelgiji hawajaingia Kigoma, mafundi waliipaka grisi mitambo ya meli yao Graf von Goetzen, wakaizamisha wenyewe ziwani Tanganyika ili adui asiipate. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Hiyo ndiyo mali ya Mjerumani iliyofichwa na kupatikana, imebeba abiria na dagaa kwa vizazi, na hakuna aliyechinja kondoo kuipata. Jambo hili niliwaeleza ili waone tofauti kati ya hazina na porojo. Nilikosea wasikilizaji. Juma lililofuata nikawakuta wanapima bwawa langu la samaki.

Unaweza kusema, bora hao wanachimba, wanafanya mazoezi. Kuna kundi jingine halichimbi, linanunua. Hawa wanakuja kwa pikipiki, wamechomekea, wanaulizia vitu vya kale. Mama mkwe wangu anayo rupia moja ya fedha aliyoachiwa na bibi yake, ina kichwa cha Kaizari amevaa kofia ya chuma yenye tai juu. Ni kumbukumbu nzuri, ya enzi ambapo kodi ya kibanda ilikuwa rupia 3 na watu wakitumikishwa barabarani kwa kuikosa. Mnunuzi akaishika, akaigeuza, hakuuliza mwaka wala historia. Akaomba mchele.

"Mchele wa nini mwanangu? Hujala?"

"Hapana mama, tunapima. Rupia yenyewe inavuta mchele."

Punje zikamwagwa mezani, rupia ikasogezwa, mchele ukakaa pale pale. Mnunuzi akasikitika, akasema hii si ile. Ile inanunuliwa mamilioni na tajiri mmoja yuko nje ya nchi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Mama mkwe akamjibu kwamba kwake mchele unavutwa na watoto, na kasi yake hata sumaku haiwezi. Mwingine akaja kuulizia cherehani ya Singer, eti ndani ina zebaki nyekundu. Huo uvumi si wa kwetu hata kidogo. Mwaka 2009 uliikumba Saudi Arabia, watu wakakimbilia kununua cherehani kuukuu kwa bei za ajabu kabla ya wenye akili kuwaambia hakuna kitu. Umechukua muda wake, umepanda milima, umefika kwetu. Mama mkwe akamwambia cherehani ina sindano, na kama ana haraka ataionja.

Sasa niseme jambo ambalo wachimbaji wa kweli, wale wa vyuo vikuu wanaotumia brashi na chekecheke, wanalijua vizuri. Kama kweli unataka vitu vya kale kwenye nyumba ya shamba, usiende kwenye jiwe lenye msalaba. Nenda jalalani. Na baada ya jalala, nenda kwenye shimo la choo cha zamani. Huko ndiko watu wa kale walikotupa kila kilichovunjika, na kila walichotaka kuwaficha wake zao. Vigae vya sahani, vifungo, mifupa ya chakula, chupa. Chupa zina hadithi: ukiona mshono wa kalibu umepanda hadi mdomoni, hiyo ni ya mashine, mshono ukiishia shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono wa fundi, na chupa hiyo ina umri wa kuheshimiwa. Sisi tunayo moja ya kioo cha kijani, na mtungi mwembamba wa udongo mgumu wenye muhuri wa Selters, ulioleta maji ya chemchemi kutoka Ujerumani mpaka hapa, mahali ambapo chemchemi ziko kila bonde. Mtu alisafirisha maji kupeleka Usambara! Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo hazina: ushahidi kwamba bwana mkubwa hakuwa na akili kutuzidi.

Nikamwonyesha shemeji kilipokuwa choo cha Mjerumani, nyuma ya mfereji. Nikamwambia chimba hapa, nina hakika utapata kitu. Akapatazama. Akauliza kama kweli ni choo. Nikamhakikishia. Akasema mgongo unamuuma.

Kuhusu sheria, nilijaribu pia. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu mwaka 1964, na kutafuta mabaki ya kale kwa kuchimba kunahitaji kibali. Niliwasomea hilo mwenyekiti wa kitongoji akiwepo. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa uzito, akasema sheria lazima iheshimiwe, kisha akanivuta pembeni kuniuliza kwamba endapo, yaani endapo tu, kitapatikana kitu, ofisi yake imetengewa asilimia ngapi.

Wakati huo huo nyumba inakwisha. Nyumba hii imeona vita mbili, imeona serikali zikibadilika, imelelea magunia ya viazi na pembejeo za ushirika, haikutetereka. Sasa nguzo moja ya baraza imezama kwa sababu wamechimba mguuni pake. Vigae vya sakafu vilivyofinyangwa kwa udongo wa hapa hapa, na mafundi wa hapa hapa, vimeng'olewa. Mlango wa ghala umepasuliwa kuona kama mbao zina uwazi. Masika yaliyopita mfereji ulizibwa na udongo wa mashimo, maji yakaingia sebuleni, na ng'ombe wa jirani akatumbukia shimoni, ikabidi tumtoe kwa kamba na maneno ambayo siwezi kuyaandika. Uwanja wangu umekuwa chujio. Kila mwenye macho anaweza kuona kwamba kilichobaki na thamani hapa ni nyumba yenyewe, nacho ndicho pekee ambacho kila mtu yuko tayari kukibomoa.

Kwa hiyo nimeamua kuacha kubishana, nitumie kilichopo. Lile shimo la nyuma ya jiko, la usiku wa kondoo, lina kina cha kutosha, kuta zake zimesimama vizuri, na choo chetu kimejaa tangu mwaka jana. Bei ya kuchimba shimo la namna hiyo huku milimani naijua, na kondoo yule ukimpiga hesabu, nimepata nafuu. Nimemwita fundi, tofauti na yule wa dohani. Simenti imefika, nondo zimefika, zege la kifuniko linamwagwa Jumamosi.

Nilimtumia shemeji ujumbe kumshukuru kwa mchango wake katika usafi wa familia. Alifika jioni ile ile, mashine begani, betri imejaa, akasimama ukingoni mwa shimo kwa uchungu wa mtu anayedhulumiwa.

"Shemeji," akasema, "kabla hujafunika, tupime mara ya mwisho."